Maji ya Muinde

Jumatano, 4 Oktoba

Ndovu wamerudi. Wamevunja bomba linaloleta maji kutoka mlima Kasigau, wakalikanyaga mpaka likalala chini bapa. Sasa kijiji kizima kinashuka silanga, lile bwawa la udongo ambalo ng'ombe wananywa na kunya humo humo. Mume wangu Sylus, ambaye ni fundi wa mawe, alienda na wanaume wengine kuliangalia bomba. Anasema haliungiki bila vyuma kutoka Voi, na wa kuvileta hajulikani.

Leo nimeshona kitu kimoja tu, mfuko wa kaptura. Nani ataleta kitambaa kwa fundi na nyumbani hakuna unga?

Jioni ilikuwa uji. Shanice, binti yetu, alimaliza wake akaendelea kulichungulia bakuli. Sylus akamimina uji wake wote mle ndani, akasema alishakula kwa watu. Najua hakula kwa mtu yeyote.

Ijumaa, 6 Oktoba

Joto. Wingu moja lilipita juu ya mlima, likaenda zake.

Jumatano, 11 Oktoba

Wachungaji wamefika silanga na ng'ombe waliotembea kutoka mbali, mbavu zote nje. Crispus, mwenyekiti wa kamati ya chakula, aliwaambia wangoje wanawake wachote kwanza. Ng'ombe wenye kiu hawangoji. Waliingia majini kwa kusukumana, wakaangusha mitungi yetu, na Crispus akachomoa panga akamkata ng'ombe mmoja mguu wa nyuma, pale kwenye mshipa. Yule mnyama alikaa chini kama mtu, akilia. Mwenye ng'ombe aliinua rungu lake. Alimpiga mpwa wa Crispus la taya, nikasikia mfupa.

Aliyeingia katikati yao ni jirani yetu Muinde, mikono juu, akipiga kelele kwa Kikamba na Kiswahili vyote pamoja. Baba yake Muinde alihamia hapa kutoka Makueni kabla mimi sijazaliwa, lakini bado watu huwaita wageni. Alipigwa rungu la bega, akasimama pale pale mpaka wakaachana.

Damu ya ng'ombe iliingia majini. Tulingoja kidogo, halafu tukachota hapo hapo.

Alhamisi, 12 Oktoba

Nimechemsha maji yale. Kuni zikaisha kabla ya maji kuchemka.

Jumatatu, 16 Oktoba

Lori la mahindi limekuja. Nilienda na Nzembi, mke wa Muinde, mtoto wao Mutheu akiwa mgongoni mwake. Nzembi ni rafiki yangu, ndiye tunayechota naye maji, ndiye tunayesutana naye bila kununiana. Alisema, "Mama Shanice, tushikane nguo. Tukiachana, tumepotea."

Foleni ilikuwa foleni mpaka askari mmoja alipotamka kwamba magunia hayatatosha. Hapo watu waligeuka. Nimewahi kuona mbuzi wakikanyagana zizini chui akiingia, lakini sikuwa nimewahi kuwa mmoja wao. Bibi mmoja wa huku juu alianguka mbele yangu. Niliuona mkono wake ukikanyagwa na buti, na kiatu cha plastiki, na mguu mtupu, na mguu wangu pia. Askari walikuwa wakitandika viboko kichwani bila kuchagua. Mwanamume fulani alishika mfuko wangu, nikamng'ata mkono. Sikuachia mpaka nikahisi chumvi ya damu yake.

Tulirudi na mahindi. Nzembi aliniosha mdomo kwa kona ya leso yake, mate yake yakiwa ndiyo maji.

Tumepika pure, mahindi na maharagwe, maharagwe yenyewe kidogo sana. Sylus aliomba baraka, na sauti yake ile nzuri ya kwaya ikajaa nyumba. Nilikula nikifikiria ule mkono wa bibi. Lakini nilikula.

Ijumaa, 20 Oktoba

Mzee Ronald, baba yake Crispus, amefariki. Asubuhi alikuwa ameketi nje akichambua mahindi. Akaanza kuhara, kisha kutapika, maji meupe kama yaliyooshewa mchele. Mchana macho yalikuwa yamezama na ngozi ya mkono ukiivuta inabaki imesimama. Alikuwa akiomba maji, na waliokuwa karibu walimnyima, wakisema atahara zaidi.

Sylus amelia. Mzee Ronald ndiye aliyemfundisha kuchonga mawe.

Jumatatu, 23 Oktoba

Wengine wameshikwa, watoto na wakubwa. Muuguzi anayeitwa Titus amekuja na gari kutoka Voi, amepiga hema kwenye uwanja wa shule. Amesema ni kipindupindu, na kwamba kimetupata na njaa tayari, kwa hivyo kinatuangusha haraka.

Mzee Ronald hakuoshwa. Alitiwa ndani ya mfuko wa plastiki, akapuliziwa dawa, akazikwa na watu waliovaa glavu. Crispus alitaka afunue uso tu. Titus akamwambia, "Pole sana, mwenyekiti. Hairuhusiwi."

"Ni baba yangu."

"Najua. Na wewe una watoto."

Crispus alimpiga ngumi ya pua. Titus alikaa kwenye mchanga wa kaburi, damu ikimchuruzika kwenye ile nguo yake nyeupe. Alifunga macho kidogo, akainuka, akaendelea kusimamia mazishi. Siku ile nilimhurumia Crispus zaidi ya Titus. Nitaandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Ijumaa, 27 Oktoba

Wameleta tangi jeusi, wameliweka karibu na kibanda changu cha ushonaji, kule barabarani. Maji yanavutwa kwa pampu kutoka silanga, kisha Muinde anatia klorini, dawa ya unga. Yeye ni mhudumu wa afya wa kujitolea, alifunzwa zamani, na Titus akamchagua. Maji yananuka kama choo cha hospitali. Shanice alikunja uso. Nilimwambia anywe.

Jumatano, 1 Novemba

Mazishi asubuhi. Mazishi mchana.

Alhamisi, 2 Novemba

Rita, mke wa Crispus, alipita kibandani. Hakuja kushona.

"Mama Shanice, wewe uko hapa karibu na tangi. Hujaona kitu?"

"Kitu gani?"

"Tangu ile dawa ianze kutiwa, wamekufa wengi kuliko mwanzo. Na nyumbani kwa Muinde hakuna aliyeharisha hata mmoja. Hesabu mwenyewe."

Nilimwambia kwa Muinde maji huchemshwa tangu zamani, na waliokufa walikunywa ya silanga kabla ya tangi kuja. Aliniangalia kama mtu aliyekuja na habari njema akakuta mwenye nyumba amelala.

Jioni nilimsimulia Sylus. Hakucheka, kama nilivyotarajia. Aliuliza tu, "Kweli hakuna mgonjwa kwao?"

Jumapili, 5 Novemba

Naandika leo leo, maana kesho nitaanza kusikia maneno ya watu na nitachanganya.

Baada ya kanisa nilifungua kibanda ili nimkazie Nzembi mshipi wa mbeleko. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, Mutheu akinyonya. Dirishani tulimwona Muinde akipanda ngazi ya tangi na kopo la dawa. Kisha wakaja watu. Hawakuja wakikimbia. Walikuja polepole, na nguo za kanisani, Crispus mbele.

"Shuka," Crispus akasema.

"Ngoja nimalize, mwenyekiti. Watu wanangojea maji."

"Nimesema shuka. Mnatumaliza ili mashamba yabaki yenu."

"Mashamba gani, hayajaota hata nyasi? Baba yako alikufa kabla dawa haijafika. Unajua hivyo."

Nadhani kama Muinde angeomba msamaha wa kosa ambalo hakulifanya, labda angeishi. Ngazi ikavutwa. Nilisikia mwili wake ukigonga tangi kisha chini.

Nilifunga mlango kwa komeo, nikamsukuma Nzembi chini ya meza ya kukatia nguo. Alikuwa amefungua mdomo kupiga kelele, nikaufunika kwa mkono wangu. Alinipiga mateke, akaning'ata, akanivuta nywele. Sikumwachia. Mtoto alikuwa amebanwa kati yetu, akiendelea kunyonya, Mungu nisaidie, akiendelea kunyonya.

Chini ya mabati kuna upenyo. Niliona miguu, viatu vya kanisani vyenye vumbi. Nilisikia fimbo, halafu mawe. Jiwe likimpiga mtu halina mlio wa jiwe. Muinde aliita, "Nzembi, usitoke!" Hakujua tuko hapo, alidhani mkewe yuko nyumbani. Akaita tena kwa Kikamba. Halafu hakuita. Wao waliendelea.

Walienda kulichoma hema la Titus. Yeye aliponea kwa pikipiki. Kisha moshi ukapanda upande wa nyumba ya Muinde.

Miguu ilipokwisha kuondoka, mtu aligonga. "Mama Shanice, fungua. Ni mimi."

Sylus alikuwa mlangoni na Shanice mkononi. Mtoto alikuwa ametoka shule ya Jumapili, alikuwa barabarani wakati wote ule. Mikono ya Sylus ilikuwa imeoshwa mpaka kwenye viwiko. Alisema, "Nilijaribu kuwazuia. Walikuwa wengi." Nilimkumbatia, nikamshukuru Mungu kwamba katika kijiji hiki mume wangu hakuwa kama wao.

Nzembi alitoka chini ya meza. Hakumwangalia yeyote. Alitembea mpaka pale, akapiga magoti, akaanza kumtoa mumewe mchanga machoni kwa kidole.

Jumatatu, 6 Novemba

Sylus amechimba kaburi peke yake kwenye shamba la Muinde. Nzembi na Mutheu wako kwetu. Sylus amewapa kitanda chetu.

Alhamisi, 9 Novemba

Polisi wamekuja kutoka Voi, wakauliza nyumba kwa nyumba. Hakuna aliyeona. Siku ile kila mtu alikuwa kanisani, hata wale ambao kanisani tunawaona siku ya harusi tu. Mimi nilisema nilichosikia. "Lakini uso uliuona?" Sikuwa nimeona uso. Wakaondoka.

Watu wamerudi silanga. Kopo la klorini liko juu ya tangi, hakuna anayeligusa.

Jumamosi, 11 Novemba

Nilikuwa namsuka Shanice. Mchana, kivulini, Nzembi akiwa amelala ndani na mtoto.

Shanice akasema, "Mama, Baba atachomwa motoni?"

"Kwa nini?"

"Si alivuta ngazi. Halafu akampiga Baba Mutheu na jiwe. Halafu akatapika."

Nilimaliza ule msuko niliokuwa nao mkononi. Nikaanza mwingine. Sikujua la kufanya na mikono yangu.

Jumapili, 12 Novemba

Nilimfuata Sylus kwenye machimbo ya mawe, nikamwambia mtoto alimwona. Alikaa kwenye jiwe lake la kukalia.

"Walianza wao," akasema. "Mimi nilikuwa nyuma. Nikamfikiria Mzee ndani ya ule mfuko wa plastiki. Mkono wangu ukaenda wenyewe."

"Mkono hauendi wenyewe, Sylus."

"Ukisema, watatuchoma na sisi. Na mtoto." Alinishika kifundo cha mkono, akakaza mpaka nikapiga magoti. Hajawahi kunigusa hivyo tangu anioe. "Umesikia? Na yule mama asijue kamwe."

Halafu akaanza kulia, akanipulizia pale aliponiumiza, kama mtu anayepuliza kidonda cha mtoto. Nilitamani niwe na jiwe.

Jumatatu, 13 Novemba

Mvua.

Jumanne, 14 Novemba

Tulikuwa tukiiomba, nayo imekuja kama ugomvi. Makorongo yamejaa, barabara ya Voi imekatika. Vyoo vimefurika na kila kilichokuwa ndani yake kimeshuka silanga. Mbuzi amepita mbele ya nyumba yetu akielea, akiwa hai bado.

Jumatano, 15 Novemba

Sylus ameshikwa. Alianza kabla ya jua kuchomoza na hadi saa hii ya mchana hawezi kusimama. Maji meupe. Miguu inamkakamaa, anapiga kelele. Mwanamume anayeinua mawe, nimembeba peke yangu. Hema lilichomwa, muuguzi alifukuzwa, gari haliwezi kupita. Nilikimbia kwa Crispus kuomba msaada, akaniambia akiwa ndani, mlango umefungwa, "Kaa naye huko huko."

Niliporudi, Nzembi alikuwa amekaa kando yake na kikombe. Alikuwa na zile pakiti za chumvi za kuongeza maji mwilini, Muinde alikuwa akizihifadhi chini ya jiwe la jikoni, na moto haukuzifikia. Alikuwa amechemsha maji, kuni zikiwa miguu ya kigoda changu. Anampa kijiko, anangoja, anampa kijiko. Akitapika, anangoja kidogo, anaanza upya.

Nilimwita nje, kwenye mvua. Sikuweza tena.

"Mama Mutheu, kuna jambo hulijui."

"Nalijua."

"Hulijui. Sylus—"

"Nilimsikia. Tumeishi jirani miaka yote hii, anaimba kwaya ng'ambo ya ukuta kila Jumamosi, nisiijue sauti ya Baba Shanice? Nilikuwa chini ya meza yako, mkono wako mdomoni mwangu. Alisema, 'Mmalizeni.' Ni yeye aliyesema."

Mvua ilikuwa ikitupiga usoni. Mimi hata hilo sikulisikia siku ile. Au nilisikia, nikakataa.

"Basi mbona unampa dawa?"

"Akifa leo, atazikwa kama mtu mwema. Wataimba. Wewe mwenyewe utaimba." Alijipangusa macho. "Sitaki afe. Nataka apone aseme."

Alirudi ndani. Nilimsikia akimwambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Fungua mdomo."

Alhamisi, 16 Novemba

Tumepokezana. Kijiko, ngoja, kijiko. Kuna wakati Nzembi alikuwa amekiinua kichwa cha Sylus, na mkono wake ukakaa shingoni mwa Sylus muda mrefu. Nilimwona. Sikusogea kumzuia. Kisha akachukua kijiko.

Ijumaa, 17 Novemba

Amekojoa. Nzembi amesema ndiyo dalili nzuri, akatoka nje, akatapika ukutani.

Jumatano, 22 Novemba

Sylus anakaa. Nzembi alimwambia yote anayoyajua, mbele yangu, bila kupandisha sauti. Sylus alijifunika uso. Aliapa kwa jina la Mungu kwamba barabara ikifunguka ataenda Voi mwenyewe, ataeleza nani alifanya nini, na yeye wa kwanza. Alimshika Nzembi miguu. Nzembi akairudisha miguu yake chini ya kiti.

Nilianza kumpenda tena kidogo. Naliandika hilo pia.

Jumatano, 29 Novemba

Tumefika Voi kwa trekta na miguu. Tumekaa kwenye benchi la kituo cha polisi, Sylus katikati yetu, suruali ikimpwaya. Afisa alikuwa mwanamke mpole.

"Mzee, nimeambiwa una jambo la kusema kuhusu kifo cha Muinde."

Sylus aliangalia sakafu. Nilikuwa nimemwona akifanya mazoezi ya maneno yale njia nzima, midomo ikicheza. Akasema, "Nilikuja kumsindikiza mama huyu tu. Mimi siku ile sikuwepo."

Nzembi hakushtuka. Alitoa pumzi ndefu tu, akamhamisha Mutheu begani. Kwa hivyo alikuwa amelijua na hilo.

Nikainuka. "Alikuwepo," nikasema. "Alivuta ngazi. Alimpiga jiwe. Alisema, 'Mmalizeni.' Crispus aliwaongoza, na mume wangu ndiye aliyesema wamalize."

Afisa aliweka kalamu chini. "Wewe ni nani wake?"

"Mke wake."

"Mama, sheria haikulazimishi kusema dhidi ya mumeo. Unalielewa hilo?"

Sylus aliniita, "Getu." Ndivyo alivyokuwa akiniita tulipokuwa wachumba.

"Nimelielewa," nikamwambia afisa. "Andika."

Jumapili, 3 Desemba

Wamemchukua Crispus na wengine. Sylus yuko ndani pia, Shanice anamuulizia asubuhi na jioni, na kila mara namwambia ukweli ule ule. Watu wamepiga nyumba yetu mawe. Kibanda kimebomolewa, cherehani imetupwa korongoni.

Jumatano, 6 Desemba

Nimemsindikiza Nzembi. Anarudi kwao Makueni na mtoto. Nilitaka aseme kitu.

"Sijakusamehe, Mama Shanice," akasema. "Wala sikuchukii. Nimechoka."

Nilimfunga mbeleko vizuri. Akaenda.

Jumapili, 10 Desemba

Titus amerudi na askari na hema jipya. Aliuliza nani atasimamia tangi. Wanaume waliangalia viatu vyao. Nikasema mimi.

Alinionyesha kipimo cha dawa, na leo nimepanda ngazi. Kijiji chote kilikuwa kimesimama pale, hakuna aliyesalimia. Wengine walikuwa na fimbo, za kutembelea, nadhani. Mgongo wangu wote ulikuwa ukingoja jiwe. Nilimimina, nikakoroga, nikashuka, nikasema maji yangoje kwanza dawa ifanye kazi, kisha wachote.

Walingoja. Hakuna aliyesogea mpaka Rita, mke wa Crispus, alipojitokeza na ndoo. Mtoto wake wa mwisho anaharisha tangu jana, nimesikia kwa Titus. Alinisogelea mpaka nikahisi pumzi yake.

"Umetumalizia waume zetu," akasema, akanipiga mdomoni na jagi la bati. Jino limetoka. Askari alikimbia, nikamwashiria akae.

Rita aliinamia bomba la tangi, akafungulia, na ndoo ikawa inayumba mikononi mwake, maji yakimwagika. Nilitema damu kando, nikaishika ndoo upande wa pili. Tuliishikilia wote wawili mpaka ikajaa.